Matumbawe ya Kwanza Nyumbani: Namna ya Kuyachagua, Kuyapandikiza na Kuyatunza

Kwa mtu aliyekulia pwani, tumbawe ni jiwe. Limejengea nyumba za Lamu na Mji Mkongwe, huchomwa likawa chokaa, na maji yakipwa ndilo linalokuchana nyayo. Mimi nimezaliwa Tanga na nilikua nikiamini hivyo. Nimekuja kulijua vizuri ukubwani, nikiishi Leicester, Uingereza, usiku mmoja nilipomulika tochi ndani ya tangi la lita 100 sebuleni kwangu nikaona lile "jiwe" limetoa minyiri kama ya pweza mchanga, limekamata uduvi, linaupeleka kinywani taratibu. Tangu usiku ule sijawahi kulikanyaga tumbawe tena.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuweka matumbawe yake ya kwanza kwenye tangi la maji ya chumvi. Sina haja ya kukuza orodha ya vifaa. Nataka ushike jambo moja, maana mengine yote yanatokana nalo: tumbawe huvumilia maji yenye kasoro ndogo kuliko maji yanayobadilika kila siku.

Jua kwanza unafuga nini

Tumbawe ni mnyama, au tuseme ni kaya ya wanyama wadogo walioshikana, kila mmoja akiitwa polipu. Ndani ya nyama ya polipu unaishi mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula. Polipu naye huupa mwani makazi na mbolea. Kwa hiyo unapofuga tumbawe unafuga viumbe wawili kwa pamoja, mmoja mnyama, mwingine anayehitaji mwanga kama mche.

Joto likizidi, ushirika huo huvunjika. Polipu hutapika mwani wake na tumbawe hubaki jeupe. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño kali, jambo hilo liliipata miamba ya Afrika Mashariki karibu yote, na mahali pengi matumbawe hayo meupe yalikufa. Wala haikuhitaji bahari ichemke. Nyuzi moja tu juu ya kilele cha kawaida cha msimu wa joto, ikikaa wiki kadhaa, inatosha kuleta weupe. Kama bahari nzima inaweza kuumizwa na nyuzi moja, fikiria lita 100 kando ya dirisha linalopigwa jua.

Hatua ya 1: Acha tangi liive

Tangi dogo sana ni gumu kuliko kubwa, kwa sababu maji machache hubadilika upesi. Kwa anayeanza, lita 100 hadi 200 ni kiasi kizuri. Utahitaji hita yenye kidhibiti joto, kipimajoto kilicho huru na hita hiyo, pampu moja au mbili za kusukuma mkondo, taa, na mawe. Skima, ile mashine inayokamua uchafu kwa mapovu, inasaidia sana, lakini tangi dogo la matumbawe laini, yasiyo na mifupa migumu, linaweza kuishi bila skima ukibadilisha maji kwa wakati.

Mawe ndiyo chujio lako halisi. Ndani ya vitundu vyake hukaa bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitraiti kuwa naitreti. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia aliwaeleza wafugaji wa nchi nyingine jinsi anavyokuza matumbawe kwa mawe yaliyo hai, maji ya bahari na mapovu ya hewa tu, na mpaka leo tunamfuata kwa hilo. Unaweza kununua mawe makavu ukayatia bakteria wa chupa, au ukapata mawe hai kutoka kwenye tangi la mfugaji mwingine. Kilo 10 hivi zinatosha lita 100. Yapange yawe na mapango na vibaraza, usiyarundike kama ukuta, maana maji lazima yapite katikati.

Kisha subiri. Amonia itapanda, itashuka, naitraiti itapanda, itashuka, naitreti itajitokeza. Mara nyingi safari hii huchukua wiki 4 hadi 6. Baada yake utaona vumbi la kahawia juu ya mchanga na vioo, halafu utando wa kijani. Usikate tamaa wala usimwage dawa, tia konokono wachache wala-mwani uwaache wafanye kazi. Matumbawe laini unaweza kuyaweka utando huo ukishaanza kupungua, miezi miwili hivi tangu uanze. Yenye mifupa migumu yasubiri zaidi, hata nusu mwaka.

Hatua ya 2: Maji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapoharibu.

Maji ya bomba ya Uingereza yana naitreti, na kampuni za maji huyatia fosfeti makusudi ili risasi ya mabomba ya zamani isiingie kwenye maji ya kunywa. Kwa binadamu ni jambo jema. Kwa tangi ni mbolea ya mwani mbaya. Maji ya visima vya pwani ya kwetu nayo mara nyingi yana chokaa na chumvi zisizojulikana kiasi. Popote ulipo, nunua au tengeneza maji yaliyopita kwenye mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando mwembamba unaozuia uchafu, na hatua ya mwisho ya rezini, na hakikisha kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kinasoma 0. Ndipo utie chumvi ya kufugia matumbawe. Chumvi ya jikoni haina vitu vingine ambavyo bahari inavyo, haifai kabisa.

Lita 100 zitahitaji kati ya kilo 3.5 na 4 za chumvi. Anza na maji ndani ya ndoo, washa pampu na hita, kisha nyunyiza chumvi kidogokidogo. Usifanye kinyume chake, kumwaga maji juu ya lundo la chumvi, kwa sababu sehemu ya kalisiamu huganda na kuwa unga mweupe usioyeyuka tena. Acha yachanganyike usiku mzima, pima kesho yake.

Lenga chumvi ya sehemu 35 kwa elfu, ambayo kwa kipimo cha uzito ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi ni 1.026 hivi. Tumia rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, na irekebishe kila mwezi kwa kimiminika chake maalumu cha 35. Vile vipimo vya plastiki vyenye mshale hudanganya vikipata kiputo kimoja cha hewa.

Sasa sikiliza kosa langu. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa kuwa mvuke, na chumvi haiendi na mvuke. Mimi nilikuwa nikijazia kwa maji yaleyale ya chumvi niliyoweka akiba kwenye ndoo, kwa wiki tatu mfululizo, nikijiona mtunzaji hodari. Tumbawe langu la nyundo lilinywea kidogokidogo mpaka mifupa ikaonekana. Nilipopima, chumvi ilikuwa 39. Kinachopungua kwa mvuke hujaziwa na maji yasiyo na chumvi, kila siku, mpaka kwenye alama uliyochora kwenye kioo. Hesabu yake ni nyepesi: lita 5 zikipungua kwenye lita 100 za chumvi 35, zilizobaki zinakaribia 37. Ukiziacha mpaka Jumamosi kisha ukazirudisha zote kwa mpigo, umelishtua tumbawe mara mbili.

Joto liwe 25 au 26, mchana na usiku. Katika nchi za baridi, hita ndiyo mlinzi, lakini hita ikikwama kwenye kuwaka itapika kila kitu, kwa hiyo weka kidhibiti cha pili nje ya hita. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Maskati, tatizo ni kupoza. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, ila mvuke utaongezeka na kujazia kutakuwa kwingi. Julai 2022, Uingereza ilipopata nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, feni mbili ndizo zilizoniokolea tangi.

Wanaoishi kando ya bahari huuliza kama wanaweza kuchota. Inawezekana, na wapo wafanyao hivyo. Chota kwa mashua, mbali na bandari, mifereji na midomo ya mito, maji yakiwa yamejaa, na usichote siku za mvua za masika. Yahifadhi gizani kwenye mapipa safi ya chakula siku kadhaa, kisha pima. Ndani ya Ghuba, upande wa Dubai na Doha, chumvi hukaribia 40 au kupita, kwa hiyo lazima uyapunguze.

Vipimo vingine: alkali iwe kati ya 8 na 9 dKH, ambacho ni kizio chake, na vinavyofuata ni kwa miligramu kwa lita: kalisiamu 400 hadi 450, magnesiamu 1,250 hadi 1,350, naitreti kati ya 5 na 15, fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Watu wengi hukimbilia kufikisha naitreti na fosfeti sifuri kwa kudhani usafi ni kukosa kitu. Matumbawe yanahitaji kidogo cha vyote viwili, na tangi lililokauka kabisa mara nyingi huvamiwa na ute wa dinoflajeleti, vijidudu vya seli moja, ambao ni vigumu kuuondoa kuliko mwani wowote. Ukifuga matumbawe laini peke yake, kubadilisha maji asilimia 10 kila wiki kunatosha kurudisha kalisiamu na alkali. Yenye mifupa yakishaongezeka ndipo utaanza kupima alkali kila wiki na kuongeza dozi. Isipande wala kushuka zaidi ya 1 dKH kwa siku.

Hatua ya 3: Mwanga na mkondo

Aliyewahi kupiga mbizi anajua kwamba mita chache tu chini, wekundu hupotea na kila kitu huonekana cha buluu. Maji humeza rangi nyekundu kwanza. Mwani wa ndani ya tumbawe umezoea buluu hiyo, ndiyo maana taa za LED za matumbawe zina buluu nyingi. Taa ya kawaida ya tangi la samaki haitoshi.

Washa saa 8 hadi 10 kwa siku kwa taima, usitegemee kumbukumbu yako. Kama una kipimo cha PAR, yaani cha mwanga ambao mwani unaweza kuutumia, au unaweza kuazima, matumbawe laini hupenda 50 hadi 120. Anayeanza huunguza matumbawe kwa mwanga mwingi mara nyingi zaidi kuliko kuyanyima. Taa mpya anza nayo kwa nusu ya nguvu yake, uipandishe kidogo kila wiki.

Mkondo usiwe kama bomba la kumwagilia bustani linalopiga mahali pamoja. Elekeza pampu mbili zikutane, au ipige kioo irudi, ili maji yavurugike kama yanavyofanya mwambani. Polipu zitikisike, zisilale upande mmoja.

Hatua ya 4: Yapi uanze nayo

Uyoga wa baharini, Discosoma na Rhodactis, ndio mwalimu wangu wa kwanza na ningemshauri kila mtu aanze nao. Hauna mifupa, unavumilia mwanga hafifu na maji yenye naitreti. Uweke chini, mahali palipotulia. Usipoupenda mahali ulipowekwa, utajing'oa na kuhamia kwingine wenyewe.

Zoanthus ni polipu ndogo kama vifungo vya shati, za rangi ambazo huwezi kuamini hazijachorwa. Ni rahisi kukuza na hujitandaza kama zulia. Lakini hapa nasimama kukuonya. Zoanthus, na hasa jamaa yake mkubwa Palythoa, wanaweza kuwa na palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zinazojulikana katika viumbe. Ilitambuliwa Hawaii mwaka 1971. Vaa glavu na miwani kila unapozishika au kuzikata, usizikate ukiwa na jeraha mkononi, na kamwe usichemshe wala kusugua kwa maji ya moto jiwe lenye polipu hizi, kwa sababu sumu hupanda na mvuke. Mwaka 2018 familia moja ya Oxfordshire ilipelekwa hospitali baada ya tumbawe kuondolewa kwenye tangi lao nyumbani. Watoto wasishike, na ndoo uliyotumia isirudi jikoni.

Tumbawe la ngozi, Sarcophyton, lina umbo la uyoga mkubwa wenye nywele juu. Litakutisha. Kila baada ya wiki kadhaa hujifunga, likang'aa kama limepakwa nta, likakaa siku tatu mpaka kumi bila kufunguka. Linabadilisha ngozi. Liongezee mkondo uisaidie ngozi kuondoka, basi. Wangapi wamelitupa hai wakidhani limekufa! Jihadhari tu kwamba matumbawe ya ngozi hutoa kemikali za kuwazuia majirani, kwa hiyo weka mfuko wa mkaa maalumu wa kuchujia na uubadilishe kila mwezi.

Capnella ina jina ambalo lilinifurahisha nilipolisikia dukani mara ya kwanza: kwa Kiingereza wafugaji huliita mti wa Kenya. Ni kimti cha rangi ya udongo kinachodondosha matawi, na kila tawi linaloanguka huota. Kama tangi lako ni dogo, kiweke juu ya jiwe lililo peke yake. Shauri hilohilo kwa nyota za kijani na kwa Xenia, ile inayofumba na kufumbua kama viganja vya mikono. Ni nzuri kutazama, lakini zikifika kwenye mawe makubwa hutazitoa tena.

Baada ya nusu mwaka ukitaka yenye mifupa, anza na tarumbeta, yaani Caulastraea, au Duncanopsammia ya Australia. Zote zina vinywa vikubwa, zinakula mbele ya macho yako, na huonyesha mapema kama kuna tatizo. Nyundo, Euphyllia, ifuate baadaye. Chagua ile yenye matawi, maana tawi moja likiugua unaweza kulikata ukaokoa mengine.

Yapi uyaache

Acropora, kwa sasa. Goniopora pia, ingawa dukani huwa imechanua kama shada la maua. Tubastraea ya rangi ya machungwa haina mwani ndani yake, kwa hiyo kila kinywa lazima kilishwe kwa mkono siku baada ya siku. Dendronephthya, ile laini ya waridi na zambarau, hufa kwa njaa karibu kila tangi la nyumbani. Muuzaji akikuambia haina shida, nenda duka jingine.

Na liache tumbawe lolote lililotolewa baharini na mtu unayemjua. Ninajua kishawishi cha kurudi likizo na kipande kutoka nyumbani, hata kilichokufa. Matumbawe yote yenye mifupa ya aina ya Scleractinia yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa litakaloishia forodhani. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mwamba wetu uliopona kwa taabu tangu 1998 hauna cha kukupa. Nunua kipandikizi, yaani kipande kilichokatwa kutoka tumbawe lililokuzwa ndani ya tangi. Kimeshazoea taa na maji ya kutengenezwa, ni bei nafuu, na huishi vizuri zaidi. Huko Berlin, Dietrich Stüber alikuza Acropora nyumbani kwake miaka mingi iliyopita akawagawia wafugaji wenzake vipande, nao wakagawa vipande vya vipande, na ukoo wake umesambaa Ulaya. Njia hiyo ndiyo tuifuate.

Hatua ya 5: Dukani au kwa mfugaji

Nenda mchana taa zikiwa zimewaka muda mrefu. Tazama kama polipu zimefunguka. Tazama shina: nyama ifunike mifupa mpaka chini, pasiwe na sehemu nyeupe iliyo wazi wala ute wa kahawia. Geuza kigingi, yaani kile kitako kidogo ambacho tumbawe limegandishwa juu yake, uangalie mayai ya konokono na Aiptasia, anemoni ndogo za rangi ya maji ya chai zinazoweza kujaza tangi zima. Uliza limekaa pale muda gani. Likiwa limefika jana, lilipie kama unalitaka sana ila uliache wiki mbili.

Uliza pia lilikuwa chini ya mwanga wa kiasi gani na chumvi ya kiasi gani. Muuzaji mzuri atakujibu bila kufikiri.

Hatua ya 6: Siku ya kulileta

Zima au punguza taa. Acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 20 ili joto lilingane. Fungua, ongeza nusu kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano kwa nusu saa. Kisha litie kwenye bakuli la dawa ya kuogeshea matumbawe iliyochanganywa na maji ya tangi, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ukilipulizia taratibu kwa sindano kubwa isiyo na ncha. Utashangaa vijidudu vitakavyodondoka. Lisuuze kwenye bakuli la pili la maji safi ya chumvi, ndipo uliingize. Maji ya mfuko na ya dawa yamwagwe nje, yasiingie tangini.

Liweke chini kabisa kwa wiki nzima, hata kama makao yake yatakuwa juu. Lipandishe hatua kwa hatua. Ukilihamisha kila siku kulitafutia mahali pazuri, hutajua lini limepapata.

Kuligandisha, tumia supaglu nzito ya jeli. Kausha chini ya kigingi kwa karatasi, weka tone kubwa, likandamize jiweni huku ukizungusha kidogo. Hushika hata chini ya maji.

Acha nafasi. Matumbawe hupigana. Euphyllia usiku hutoa minyiri mirefu yenye sumu inayoweza kufika sentimita 15 na kumwunguza jirani, kwa hiyo ipe uwanja wake. Uyoga na zoanthus zinaweza kupakana, lakini mwenye nguvu atamfunika mwenzake baada ya miezi.

Hatua ya 7: Wiki hadi wiki

Kila siku: angalia joto, jazia maji yaliyopungua, tazama nani amefunguka na nani amefumba. Hii ya mwisho inachukua dakika mbili na ina thamani kuliko vipimo vyote.

Kila wiki: badilisha lita 10, ukivuta uchafu mchangani kwa mpira. Maji mapya yawe na joto na chumvi ileile ya tangi. Sugua kioo, pima naitreti, na alkali pia yenye mifupa yakishaongezeka, andika kwenye daftari. Namba moja peke yake haisemi mengi. Namba nane zilizofuatana zinaonyesha mwelekeo.

Lisha kwa uchache. Uyoga, zoanthus na matumbawe ya ngozi huishi kwa mwanga na mabaki ya samaki. Tarumbeta, Duncanopsammia na nyundo zipe uduvi mdogo ulioyeyushwa barafu mara moja au mbili kwa wiki, pampu zikiwa zimezimwa dakika kumi.

Samaki akiugua, dawa yenye shaba isiguse tangi hili hata tone moja. Shaba huua matumbawe, konokono na kamba, na hubaki mawe yakiwa yameinyonya. Mtibu samaki kwenye ndoo au tangi la pembeni.

Kulisoma tumbawe

Linapauka na kuwa jeupe: mwanga mwingi au joto limepanda. Lishushe, pima joto, usiongeze kitu kingine. Linageuka la kahawia: mwani wake umezidi, labda kwa mwanga mdogo au naitreti nyingi; halifi, limepoteza rangi tu. Linajinyoosha kama shingo ya twiga: linatafuta mwanga. Linajikunyata upande mmoja: mkondo unalipiga. Matumbawe yote yamefumba siku moja: pima chumvi na joto kabla ya kitu chochote, na uulize nyumbani kama kuna aliyepulizia dawa ya mbu.

Ute wa kahawia unaonuka juu ya Euphyllia ni dharura. Zima pampu usitawanyike, uvute kwa mpira, toa tumbawe, kata tawi lililougua kwenye mfupa ulio mzima, liogeshe kwenye dawa. Usisubiri kesho.

Aiptasia usiiponde wala usiikwangue. Kila chembe itaota. Mpake jeli maalumu ya kuiua juu ya kinywa chake, au tumia sindano.

Tatizo likitokea, badilisha jambo moja, ungoje siku tano. Anayebadilisha taa, pampu na maji kwa mkupuo hatajua kilichoponya, na tumbawe litakuwa limeteswa na mabadiliko matatu.

Umeme ukikatika

Kinachoua kwanza ni kukosa hewa. Giza huja nyuma sana: matumbawe hukaa bila mwanga siku kadhaa bila kudhurika. Nunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukizimika. Kwa anayeishi kwenye mgao wa umeme, hiki ndicho kifaa cha kwanza kununua baada ya hita. Kwenye baridi, funika tangi kwa blanketi na uache upenyo juu. Kwenye joto, weka chupa zilizogandishwa barafu zielee majini, moja moja. Usilishe mpaka umeme urudi.

Kipandikizi chako cha kwanza

Baada ya mwaka uyoga wako utakuwa umejaa jiwe lake. Vaa glavu na miwani. Mtoe mmoja kwa wembe mpya karibu na shina, mkate katikati ya kinywa mara mbili kama unavyokata chapati vipande vinne, na uviweke kwenye kikombe chenye changarawe kilichofunikwa wavu, mahali penye mkondo mdogo. Usivigandishe kwa gundi, havishiki. Baada ya wiki mbili hivi kila kipande kitakuwa kimejishikiza kwenye kijiwe chake na kinywa kipya kinaanza kujitokeza. Hapo chukua supaglu, gandisha kijiwe juu ya kigingi, ukiache wiki mbili nyingine.

Ukimpelekea rafiki, tia maji ya tangi lako mpaka theluthi moja ya mfuko, hewa theluthi mbili, funga mifuko miwili mmoja ndani ya mwingine, uifungie gazeti isipoe. Juu yake andika kwa kalamu ya wino usiofutika: chumvi, joto, alkali, na sentimita ngapi chini ya taa kipande kilikuwa kimekaa.